KUMBUKUMBU ZA KUREKEBISHA KIDIRISHA CHA SAA, PAMOJA NA SAA YA MZEE KAJETANI

Umoja wa Kuzikana, Lizaboni, Songea. Kikao cha Kamati kilichofanyika Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, sebuleni kwa Katibu, kwa kuwa miguu ya Katibu haifiki tena ofisini Majengo.

WALIOHUDHURIA
Bi. Devota Mbawala – Mwenyekiti
Mzee Valence Mbano – Katibu (akiwa kwenye kochi, chini ya blanketi)
Mzee Kajetani Luoga – Mjumbe
Bi. Biasha Alfani – Mjumbe
Shakila Muhsini – mwalikwa, mtengenezaji wa programu ya simu ya Umoja

ASIYEHUDHURIA
Mzee Leo Gama – yuko Mbesa, kwa taarifa

KUMB. NA. 1/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:10 asubuhi na kumuuliza Katibu hali yake. Katibu alijibu kwamba daktari amempa wiki chache, hivyo ajenda ziende haraka. Mzee Kajetani alisema Katibu hajawahi kuwa na haraka ila pale anapotaka kumwandika mtu. Mwenyekiti aliomba utulivu.

KUMB. NA. 2/2025: KIDIRISHA CHA KUCHAGUA SAA
Shakila alieleza kwamba mwanachama akifika msibani atabonyeza "Nimefika", kidirisha chenye uso wa saa kitafunguka, naye atasogeza mshale hadi saa aliyofika. Orodha ya saa hizo itachukua nafasi ya daftari la Katibu.

Bi. Biasha alijaribu, mshale ukamteleza mara tatu. Alisema, "Mwanangu, namba hizi umewaandikia sisimizi?" Aidha, alichagua saa tisa alasiri, simu ikaelewa saa tatu asubuhi. Iliamuliwa bila ubishi kwamba namba zikuzwe, saa zihesabiwe kama zinavyosemwa hapa kwetu, na dakika ziende tano tano kwa ajili ya mikono inayotetemeka. Rangi ya waridi ilikataliwa. Mzee Kajetani alisema msiba si kipaimara.

KUMB. NA. 3/2025: KURUDISHA SAA NYUMA
Mzee Kajetani alitaka kidirisha kisikubali saa yoyote iliyopita. Bi. Biasha alipinga: mtu anaweza kufika na sufuria kichwani, akakumbuka simu baada ya saa nzima. Mzee Kajetani alijibu, "Dada Biasha, anayeandika baadaye huandika anachotaka. Mimi daftari lilinizika nikiwa hai."

Kwa faida ya Shakila, Mwenyekiti alieleza kwamba kwa mujibu wa daftari la mwaka 2003, Mzee Kajetani, aliyekuwa msimamizi wa wachimba kaburi, alifika kwenye maziko ya marehemu Joachim saa 9:30 alasiri, kaburi likiwa limeshafukiwa. Aliondolewa kwenye usimamizi, na tangu hapo watu wakamwita Bwana Amina, yaani mtu wa kufikia amina ya mwisho. Mzee Kajetani alisema jina hilo hata wajukuu zake wanalijua.

KUMB. NA. 4/2025: MAELEZO YA KATIBU
Katibu aliomba kusema, na yaandikwe. Alieleza kwamba saa ile haikuwa ya Mzee Kajetani. Ilikuwa ya Katibu. Siku hiyo alikuwa nyumbani akingoja pasi ya mkaa ipate moto anyooshe suruali, akapitiwa na usingizi. Alipofika, Mzee Kajetani aliyekuwa amechimba tangu saa mbili asubuhi alikuwa ameshaoga, na alimuuliza mbele ya watu, "Katibu, umekuja kuzika au kufukua?" Watu walicheka. Jioni, Katibu alipojaza daftari, saa yake alimwandikia Mzee Kajetani, na ya Mzee Kajetani akajiandikia mwenyewe; na kwa kanuni ya Umoja, daftari huaminiwa kuliko macho.

Mwenyekiti aliuliza kwa nini hakusema mapema. Katibu alijibu kwamba kila mwaka aliona kikao kijacho kitafaa zaidi, na sasa vikao vimemwishia.

Mzee Kajetani alimgeukia Katibu. Kisha alisema, "Miaka ishirini na miwili, Valence. Kwa sababu ya suruali?" Katibu alikiri kwamba ndiyo.

KUMB. NA. 5/2025: MAAMUZI
Kidirisha kikubali kurudi nyuma ndani ya siku hiyohiyo tu. Iliruhusiwa mara moja, leo, kirudi hadi 2003, na Katibu arekebishe kwa mkono wake.

Kidole cha Katibu kiliteleza hadi saa nne, kisha saa moja. Mzee Kajetani alisema, "Usinipunguzie tena, wala usinizidishie." Alikishika kidole cha Katibu wakasogeza pamoja, mshale ukasimama saa 2:00 asubuhi. Katibu aliomba na yake iwekwe, saa 9:30 alasiri. Hiyo aliiweka peke yake, bila kuteleza.

Jina la Bwana Amina lilifutwa. Mzee Kajetani alirudishiwa usimamizi wa wachimba kaburi kuanzia leo. Alipokea, akauliza kazi ya kwanza ni ya nani. Katibu alinyoosha mkono.

Mzee Kajetani alisema, "Haya. Nitafika saa mbili. Na siku hiyo angalau hutachelewa."

KUMB. NA. 6/2025: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 5:45 asubuhi. Saa hiyo ilichaguliwa kwenye kidirisha na Mzee Kajetani, na Katibu ameinakili kama ilivyo.

D. Mbawala, Mwenyekiti

V. Mbano, Katibu (sahihi imepinda, lakini ni yangu)