Mikoko Ndani ya Mpunga

Alhamisi, 25 Aprili 2024
Bamvua, maji makuu ya mwezi mpevu. Yameingia tena shambani kwa mama, polepole, bila wimbi, kama mgeni anayeujua mlango. Mpunga umesimama ndani yake, na mawingu yako chini ya mpunga. Nimetazama mpaka nikasahau kilichonipeleka. Zamani lile fungu la mchanga mbele ya kijiji chetu cha Moa lilivunja nguvu ya bahari kabla haijatufikia. Siku hizi maji yakijaa halionekani — limebaki doa la kijani kilichopauka.

Jumamosi, 27 Aprili
Maji yametoka. Katikati ya mpunga kuna vijiti vya kijani, wima, kama vimepandwa na mtu. Miche ya mkoko! Bahari inausukuma msitu wa mikoko, nao unahamia kwetu, taratibu, kwa adabu.
Kaka Yakoub hakuona adabu yoyote. Ing'olewe sasa, akasema. Ikishakuwa miti, kukata ni kosa, watu wa misitu watakuja, na shamba ndiyo basi.
Mama: "Mpunga wenyewe umeungua kwa chumvi. Unaulindia nini?"
"Haya. Idi Kubwa tupikie pilau la mikoko."
Mama akacheka.

Ijumaa, 10 Mei
Nimeota nyumba yetu ina mizizi mirefu, inatembea kwenda barabarani, mama yuko barazani anapeta mchele.
Jioni maji yamefika ukuta wa jiko. Hayajawahi. Kwa jirani yetu Bi Tausi, ambako mikoko ya zamani bado imesongamana, yaliishia kwenye minazi, mbali na nyumba. Tumeona wote.

Jumapili, 12 Mei
Kaka kaja asubuhi na jembe. Yeye upande wa bahari, mimi upande wa nyumba. Miche inang'oka kirahisi, kama uzi kwenye nguo kuukuu. Nimejaza ndoo mbili. Mama akaja, akabeba moja. Nikadhani anakwenda kumwaga.
Sasa nimekaa barazani, tope magotini, naandika. Kaka anaita kutoka mbali: mama, unafanya nini huko? Ameinama kati ya jiko na shamba, anaichomeka miche ile ile ardhini, mmoja mmoja. Mpunga ameupa mgongo.
Kaka anakuja, jembe begani. Mama amenyoosha mkono kwangu — Rahila, lete na ndoo hiyo nyingine. Naweka kalamu.