Mifuo ya Flanji Nane

Alhamisi, 18 Julai

Flanji nane zimekuja na toroli kutoka kwa Bu Kasmi, yule mama anayesubu chuma ng'ambo ya barabara. Bado zina mchanga wa kalibu. Ni sahani za chuma za kuungia bomba la maji la vijiji vya juu mlimani. Zinatakiwa Jumatano asubuhi na mkaguzi anakuja mwenyewe.

Kazi: kukereza uso wa kila flanji kwenye mashine, halafu kuchimba mfuo wa pete ya mpira. Mpana mdomoni, mwembamba chini, kuta zote mbili zimelala digrii ishirini na tatu. Ukuta mmoja ukikosea, maji yanavuja.

Bu Kasmi kamwuliza Baba kama siku hizi anaona au anapapasa. "Napapasa," Baba kasema, "shukuru, sura yako siioni." Wamecheka mpaka Bu Kasmi akashika toroli. Mimi sikucheka sana.

Nimeomba mifuo nichimbe mimi. Kakataa. Wewe toboa matundu ya bolti, Nduk. Mfuo ni wangu. Ananiita Nduk, binti mdogo, kama vile nina miaka sita; jina langu, Rum, halitumii. Nina arobaini na moja.

Jumamosi, 20 Julai

Nyuso zimekwisha. Ngozi ya chuma cha kusubu ni ngumu, imekula visu viwili. Unga mweusi puani, kwenye chai, kwenye tempe ya soya.

Nimempelekea miwani ya Mama, ile ya kushonea. Kaisukuma pembeni. Miwani ni ya walimu, kasema.

Mama alikuwa anasimama pale, kushoto mwa mashine. Baba anazungusha, yeye anasoma namba za digrii kwa sauti. Miaka yote ile. Nilikuwa nawaonea wivu. Na ni Mama aliyekwaruza alama mbili kwenye kiti cha kisu, kile kinachogeuzwa kupata mlalo — moja ya digrii ishirini, kwa kazi za pampu za zamani, na moja ya ishirini na tatu. Baba sasa anazitafuta kwa ukucha.

Jumatatu, 22 Julai

Kesho ni Jumanne, na kwa juma letu la soko, lile la siku tano, ni Wage. Jumanne Wage ndiyo siku aliyofariki Mama. Kila ikirudi, baada ya siku thelathini na tano, nyumba hii haianzishi kazi yoyote. Na mifuo haijaguswa! Umeme ulikatika jana kutwa.

Baba kakaa, kajikuna, kakaa tena. Kisha kainuka. Kafunga flanji ya kwanza kwenye mashine, kachora mfuo mwembamba, unene wa karatasi tu. Kaifungua. Ya pili hivyo hivyo. Mpaka ya nane.

"Haya, tumeshaanza," kasema. "Kesho tunaendelea tu. Mama yako hana la kusema."

"Angekuwa nalo."

"Angekuwa nalo, ila angecheka kwanza."

Kuinua chuma kizito mara nane kwa ajili ya kumzunguka marehemu! Mgongo unamuuma, nimemkanda kwa mafuta. Nampenda mzee huyu mpaka nakereka.

Jumanne, 23 Julai



Baba kamaliza mifuo yote minane alasiri. Kafurahi. Kaoga, kavaa saruni safi, kachukua baiskeli na maua, kaenda kaburini kwa Mama.

Nikachukua pete ya kupimia, nikaipaka rangi ya buluu, nikaikandamiza kwenye mfuo wa kwanza: ukuta ukiwa sawa, rangi inaushika wote. Ukuta wa ndani — buluu tupu, safi. Ukuta wa nje — mstari mwembamba mdomoni, basi. Nikajaribu wa pili. Wa tatu. Yote minane.

Nikaenda kutazama kiti cha kisu. Kimekaa kwenye alama ya ishirini. Alipokigeuza kwa kuta za nje, ukucha umeshika alama isiyo yenyewe.

Chuma cha kunyoa bado kipo, ukuta umesimama mno tu. Flanji zinaponyeka. Baba ndiye sijui.

Mama alipofariki, Baba alilala ameelekea ukutani miezi miwili. Hakunywa hata chai bila kulishwa kama mtoto. Kilichomwinua ni puli iliyopasuka ya jirani — kaiona, kakasirika jinsi ilivyokerezwa, kaamka. Na ameshaapa, nimemsikia mara ngapi: siku kazi yangu ikirudishwa kwa kasoro, aproni inakwenda msumarini, naacha kazi. Aproni ikienda msumarini, yeye anarudi ukutani. Najua.

Basi nikawasha mashine. Siku ya Mama, na mimi nafanya siri. Nisamehe, Mama, sikuanza, nimeendelea tu.

Nimenyoosha tatu. Ya nne nilikuwa sijaifunga, kengele ya baiskeli ikalia kwenye geti. Nikazima, nikarudisha kiti kwenye alama ya ishirini, nikashika ufagio.

Baba kaingia ananukia maua. Kaenda moja kwa moja kwenye flanji. Kaweka kidole gumba ndani ya mfuo, kauzunguka wote, taratibu.

"Chuma kina joto," kasema.

"Ni jua, Baba."

Mashine yetu iko kivulini tangu nizaliwe. Jioni kala tempe mbili, ya tatu kanisogezea. Ningemwambia pale pale. Sikuweza.

Jumatano, 24 Julai

Naandika nimesimama, kalamu inachafuka.

Nimeamka kwa mlio wa mashine. Nikatoka hivyo hivyo, nywele hazijafungwa.

Aproni yake iko msumarini.

Na yeye yuko kwenye mashine, kwa saruni na fulana, flanji ya nne imefungwa. Amevaa miwani ya Mama, mguu wake mmoja wa kushikia sikio umefungwa kwa uzi. Hajakata kitu. Anazungusha bure tu, ananingoja.

Nikaanza, "Baba, jana mimi —"

"Najua. Umenyoosha tatu. Safi. Zangu tano zimebaki."

Kisha, bila kunitazama: hata ujanani sikuwa naziona namba zile, Nduk. Mama yako alijua tangu wiki ya kwanza. Hakumwambia mtu.

Nimelia. Kaniacha nilie, akifuta meza ya mashine ambayo ilikuwa safi.

"Hata hii miwani haifai kitu," kasema. "Simama pale. Soma."

Nikasimama kushoto. Nikasoma: ishirini na moja, ishirini na mbili, ishirini na tatu. Kafunga. Kakata. Tukaweka rangi — buluu kuta zote mbili, duara zima. Ya tano hivyo hivyo. Ya sita hivyo hivyo.

Mkaguzi amefika. Yuko nje na pikipiki, Bu Kasmi kampa chai na anamsemesha makusudi, namsikia. Mbili bado. Nimemwuliza Baba ile aproni maana yake nini. Kasema ameivua kwa sababu ya joto. Asubuhi hii kuna baridi ya mlimani, mimi nina sweta.

Nilikuja ndani kuchukua kitambaa, nikashika daftari. Ya saba ameshaifunga. Ananiita.

"Rum. Namba."