Sifuri Iliyopotea Njiani

Babati, 12 Machi 2025

Mwanangu Aniceti,

Hujambo huko Uholanzi? Baridi imepungua? Sisi tunaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Nakuandikia kwa simu kwenye benchi nje ya wodi ya watoto njiti, maana humo ndani hawataki simu za kuongea.

Binti yako ametimiza wiki mbili. Mkeo Jacqueline anambeba kifuani, ngozi kwa ngozi, kama nesi Kindness alivyotufundisha. Asubuhi ukungu wa mlima Kwaraa unashuka mpaka madirishani, na kina mama wote wamekaa kimya na watoto vifuani, naona kama wanaelea.

Mizani uliyoiombea hospitali kutoka kazini kwako inafanya kazi. Kila siku ujumbe wa uzito unaingia kwenye simu ya Jacqueline. Leo ni kilo 1.38. Anausoma, anaweka simu chini, anausoma tena.

Mama yako


Utrecht, 12 Machi 2025

Mama, shikamoo.

Mimi mzima, hofu ni kwenu tu. Ujumbe wa uzito unanifikia na mimi, nikiwa kwenye treni. Leo nimepima unga ukafikia uzito huohuo, nikaufunga kwenye taulo, nikazunguka nao chumbani mpaka mkono ukazoea. Likizo yangu ni Mei. Mwambie Jacqueline nimeshajua namna ya kumbeba mtoto.

Mwanao


Babati, 14 Machi 2025

Mwanangu,

Salamu zitangulie, ingawa leo hatuna raha. Jana ujumbe ulisema 1.4. Jacqueline akaniuliza, "Mama, thelathini na nane imekuwaje nne?" Kindness alimwambia mtoto anaongezeka, lakini yeye anasema, "Wananifariji tu." Amegeukia ukutani. Hali chakula, na tangu jana jioni maziwa hayatoki. Mtoto analia kwa sauti ndogo kama kifaranga.

Niambie ukweli, hata kama ni mchungu.

Mama yako


Utrecht, 14 Machi 2025

Mama, shikamoo.

Mtoto hajapungua. Ameongezeka.

Mizani iliandika 1.40. Lakini namba inapita kwenye programu tatu kabla ya kumfikia Jacqueline: ya mizani, ya kompyuta kuu, na ya simu, na kila moja ina desturi yake ya kuandika. Ya kati inaona sifuri ya mwisho haibadilishi kitu, inaiacha. Kwake 1.40 na 1.4 ni kitu kimoja. Simu yangu ya huku hata nukta haiweki, inaweka mkato: 1,4. Kwenye kompyuta ya mwenzangu imetokea 1.3999999. Mtoto ni yuleyule.

Msomee Jacqueline polepole: juzi gramu elfu moja mia tatu na themanini, jana elfu moja na mia nne.

Mwanao


Babati, 19 Machi 2025

Mwanangu Aniceti,

Natumaini u mzima. Nilimsomea barua yako sikioni. Akasema, "Rudia hapo pa gramu." Nikarudia. Akaomba uji. Maziwa yamerudi taratibu, kama mvua inayoanza bila ngurumo.

Kwenye kitanda cha jirani yuko Naeku, kutoka Simanjiro. Mwanawe alitoka 1.49 akaenda 1.5. Naeku alikuwa ameshafunga vitu vyake. Alitaka mtoto akafie nyumbani kwao. Nikamsomea na yeye. Alinitazama usoni kuona kama nadanganya, halafu akafungua mzigo, akatandika upya shuka lake.

Sasa nakuuliza: kule kwingine mlikopeleka hizo mizani, nani anawasomea barua?

Mama yako


Utrecht, 3 Aprili 2025

Mama, shikamoo.

Nisamehe kwa kukaa kimya. Bosi wangu alisema ni jambo dogo la maandishi tu. Nikaitafsiri barua yako, nikaisoma kikaoni, mpaka pale Naeku anapofungua mzigo. Nje kulikuwa na jua, na mtu anapita na baiskeli kando ya mfereji, nikajisikia niko kwenye benchi lako.

Tumekubaliana. Hakuna nukta tena, wala mkato. Uzito utasafiri kwa gramu kamili, umeandikwa kama neno badala ya namba ya kukokotoa, na hakuna programu itakayoruhusiwa kuugusa njiani. Mimi leo nimepata gramu 1790. Jacqueline amepata ngapi?

Mwanao


Babati, 4 Aprili 2025

Mwanangu,

Hatujambo. Na yeye jana alipata 1790.

Mama yako


Bonga, 24 Aprili 2025

Mwanangu Aniceti,

Umeamkaje? Najua leo ujumbe haukufika, na najua umeshtuka, ndiyo maana naandika mapema. Hakupimwa. Jana wameturuhusu, tuko nyumbani. Naeku alishatangulia kwao wiki iliyopita, mtoto mgongoni.

Mahindi yamefika magotini na kila kitu kimelowa umande. Jacqueline amekaa mlangoni, simu imezimwa. Nimemuuliza, "Leo ana ngapi?"

Amemnyanyua kidogo, akafumba macho, akafikiri.

"Mzito," akasema.

Bibi wa mtoto