Fizi Nilizomficha Rehema

Baba Rehema,

Nimekaa hapa barazani kwetu Ujiji nakuandikia. Yule binti uliyemwacha chuoni sasa ni daktari wa meno, Dar es Salaam. Daktari kabisa! Soko zima la Kibirizi linajua, maana nimewaambia mwenyewe.

Mwaka juzi alinipandikizia meno mawili ya mbele, yameshikwa na skrubu ndani ya mfupa. Nikawa nacheka hadi misibani. Mama Sauda, tunayeuza naye dagaa, akanichoka: "Funga mdomo, dada, nzi wataingia."

Sasa sikia ujinga wangu. Meno yale nilikuwa siyapigi mswaki. Nilijua ya kupandikiza hayaozi, nikiyasugua yatachakaa bure. Lakini dagaa nawang'atia hayohayo kila asubuhi, kujua kama mzigo umekauka. Fizi zikavimba, zikatoa damu, kisha usaha. Nikanyamaza. Nilivyomsifia Rehema vile, watu si wangesema kazi yake mbovu? Akipiga simu, namwambia mimi mzima.

Alipokuja likizo akaniona natafunia upande mmoja. Akanifungua mdomo, akaangalia, akalia. "Mama, na wewe unanificha? Kama baba?"

Wewe, mume wangu, ulikificha kile kifua miezi mingapi, ukisema ni vumbi la useremala tu? Tumekuzika bado tunaulizana.

Akanipeleka Dar. Wakasafisha kuzunguka zile skrubu, kisha wakanivisha miwani myeusi, wakapitisha mwanga wa leza ndani ya fizi. Mwanga, mume wangu, mwembamba kama uzi! Rehema kanishika mkono muda wote. Usaha umekata, uvimbe umeshuka. Ila mfupa ulioliwa haurudi, na jino moja huenda likatoka. Ameniambia wazi, hakunizungusha.

Likitoka, litoke. Nitawaambia Kibirizi kosa ni langu, mtoto hana doa.

Nilikukasirikia sana, nisikufiche. Sasa naona ulikuwa unatuonea huruma. Lakini ilituumiza huruma yako, baba. Ilituumiza mno.

Basi mimi nakuahidi: pakiniuma popote, hata kidogo, Rehema ndiye wa kwanza kujua. Sitamwachia maswali kama uliyotuachia.

Pumzika, mume wangu. Mungu akupe mahali pazuri.

Mkeo,
mama yake daktari