Programu ya Hakizimana

Baraka, 9 Julai 2004

Mama mpendwa,

Nakusalimu sana katika Bwana. Goti lako linaendeleaje huko kambini? Na dada Dorothée, amejifungua salama? Mimi ni mzima wa mwili, ila nimejaa hasira, na kwako sina haja ya kuificha.

Unajua ofisi yetu inatafuta watoto waliopotezana na wazazi wao vitani. Programu ya kompyuta tunayotumia iliandikwa kwa Java na Hakizimana, Munyamulenge mpole, wa Watutsi wa milima ya Minembwe. Mwezi uliopita, Bukavu ilipowaka moto mikononi mwa askari wa Kinyamulenge, Norbert, mkubwa wetu, alimkataza kukanyaga tena ofisini. Kisha akajaribu kuiendesha programu mwenyewe. Mashine ikajibu kwamba haioni kitu. Akatoka barabarani akipiga kelele: “Ule Munyamulenge ameweka dawa mu machine!” Mama, hayo yalitosha. Vijana walimpiga Hakizimana mawe mpaka akakimbilia milimani, damu ikimtoka kichwani.

Dawa gani! Klasi yenyewe, yaani kipande cha programu kiitwacho Tafuta, ni ya pakeji, kifurushi kiitwacho familia, na faili lake linakaa ndani ya foldo lenye jina hilohilo. Norbert aliingia ndani ya foldo akaita Tafuta tu. Inatakiwa ubaki nje ya foldo, uiite pamoja na pakeji yake: java familia.Tafuta. Hakizimana alitufundisha hayo, Norbert akipiga miayo. Nilipofanya hivyo, ilifunguka mara moja. Nikamweleza Norbert. Akasema maji yakimwagika hayazoleki, na wageni wakiuliza, niwaambie ni yeye aliyeitengeneza. Simheshimu tena.

Sasa kaa chini, Mama. Niliandika jina la marehemu Baba, likatoka la Merveille. Yu hai! Mdogo wangu aliyetupotea tulipokimbia Makobola, tukamlilia matanga, yuko Minembwe. Mama mmoja wa Kinyamulenge, Nyirabahire, amemlea miaka yote hii. Hakizimana ndiye aliyeingiza jina lake alipotoka huko mara ya mwisho. Leo hakuna wa huku anayeweza kupanda, wala wa kule kuteremka. Aliyeweza kutuletea mtoto ndiye tuliyempiga mawe. Nimelia kwa furaha, nikalia tena kwa aibu.

Uliapa hutaki kusikia lugha ya watu wale maishani mwako. Mama, mwanao amekulia ndani yake. Siku akirudi, ndiyo atakayokusalimia nayo.

Msalimie mjomba Alphonse na majirani wote. Mungu awalinde.

Ni mimi mwanao,
Anastasie