Kiko Yenye Nitavuta Siku ya Dot Yako

Émile Byamungu,
Pinga, Walikale.
Tarehe 11/07/2021

Mpendwa mwipwa wangu Elodie,

Pokea salamu zangu, nzito kama kikapo ya mihogo siku ya soko. Uko muzima? Mwili, kazi, usingizi, vyote viko sawa huko Kampala? Dada yako Francine mwenye unakaa kwake, yeye na watoto yake hawagonjwe? Na ile maumivu ya meno yenye ulikuwa nayo mwezi wa Pasaka, iliisha ao ungali unatafuna upande moja kama mbuzi muzee?

Sisi tuko. Bibi yangu Josiane iko na nguvu ya kunigombeza asubuhi na magaribi, njo kusema iko muzima. Mimi nina miaka makumi tano na tatu, lakini juma iliyopita moto ya Déo, ile pikipiki yake ya kubebea mizigo, ilizama mu matope na mashine ya kusaga juu yake, nikabeba ile mashine peke yangu mpaka sokoni. Watu walisimama barabarani, wakasahau kile walikuwa wanauza. Sisemi hivi kwa kujisifu. Ni vile ilikuwa.

Naandika barua juu message vocale yangu uliikata. Ilikuwa dakika kumi na moja, Elodie. Nilipanda mpaka juu ya kilima yenye réseau ya simu kuituma, na wewe ukanijibu na kale ka alama ka kidole gumba, basi. Barua haikatwe. Utaisoma mpaka mwisho, na kama unapika, ondosha sufuria kwa moto kwanza.

Jambo yenyewe unaijua. Dot yako, ile siku ya mahari, imepangwa tarehe saba mwezi wa tisa, kule Mweso, na wewe pamoja na muchumba wako Jérémie munaniomba nisilete kiko yangu ya udongo mbele ya baba yake, Papa Habineza. Munasema iko nyeusi, inanuka, na Papa Habineza ni muzee wa kanisa. Njo mukanitumia ile kiko ya Wazungu, ya mbao, ya kungaa, mu kasanduku yenye kitambaa nyekundu. Déo aliileta toka Mweso juu ya moto yake, ameifunga kifuani kama mutoto muchanga. Munasema nivute ile.

Sasa nikukumbushe kitu, juu mu mji watu wanasahau haraka. Kwetu mujomba hajibu bakwe, wale wa upande wa bwana, kwa kinywa. Bakwe wanaweka vitu yao chini, binti analeta kaa ya moto, mujomba anawasha, anavuta mara tatu, na moshi ya tatu njo jibu. Bila ile moshi hakuna bibi, wanaregea kwao na mbuzi yao. Mama yako aliolewa vile. Tayari mulinishinda mara moja: dot ilipashwa kufanyiwa hapa Pinga, nikakubali Mweso juu wale wazee sana wa jamaa ya Jérémie hawawezi njia yetu. Nilikubali ile. Hii sikubali.

Lakini mimi ni muntu wa haki, sikatae kitu kabla ya kuijaribu. Nilifika la sixième primaire, darasa ya sita, na mwalimu mwenyewe aliniomba nisiendelee, aliogopa nitakamata nafasi yake. Basi nikachunguza kiko kisomi, moja kwa moja, na tumbako ile ile, kwa kiti ile ile.

Nilianza na ile ya jirani yangu, muzee Hakorimana, yenye mwanzi ya karibu mita moja. Moshi yake inafika baridi kama maji ya chemchemi, siwezi kudanganya. Lakini iko ndefu mpaka unatafuta muntu wa kukuwashia kule mbele, na Hakorimana akikuwashia anavuta yeye wa kwanza. Nikamuregeshea.

Kisha ile nilichonga mwenyewe mu gunzi la mahindi, ya kuendea shamba. Ile ni tamu mara tatu, mara ya ine unavuta gunzi lenyewe. Njo ilikuwa mu kinywa yangu siku chui alinikuta mu njia ya Buleusa. Kila muntu hapa anajua ile habari. Chui aliketi, akanusa, akapiga chafya mbili, akanipisha kwa heshima. Josiane anasema ilikuwa mbwa ya Hakorimana. Josiane hakukuwa pale.

Sasa nafika kwa ile yenu. Keti.

Unajua kwetu kiko mupya haivutwe hivi hivi. Kwanza unaijaza kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, unaiacha ikunywe siku muzima. Kisha unaizika mu jivu ya moto mpaka jua ishuke. Ikitoka pale imeshiba, haitakuunguza ulimi tena. Baba yangu alifanya vile, na baba yake. Basi na mimi, kwa heshima yote ya Jérémie, nikaifanyia kiko yake vile vile. Nikainywesha kasiksi ya mama mwenye kutengeneza vizuri kupita wote hapa, nikaizika.

Josiane akaniambia: "Papa Émile, ile ni mbao."

Nikamujibu: "Mama, mu hii nyumba nani anavutaka kiko?"

Akaniangalia, akaendelea kutwanga majani yake ya sombe.

Nilipofukua, nilikuta ile mudomo yake mweusi imeyeyuka imejikunja kama kamba ya kiatu, na hapo ile kiko ilikuwa, kipande ya makaa. Makaa nzuri, siseme uongo. Josiane alichemushia chai.

Siombe musamaha. Kiko yenye haivumilie jivu ya Pinga, ingevumilia namna gani macho ya bakwe wa Mweso? Lakini umuambie Jérémie polepole, akiisha kula. Muambie kasanduku iko salama, Josiane anawekamo sindano na nyuzi.

Imebaki ya udongo. Wewe unaona weusi tu, Elodie, ile weusi njo kazi. Udongo unakunywa uchungu yote ya tumbako, unakuachia utamu. Nakata tumbako ya Buleusa nyembamba, naisugua mu kiganja mpaka ifunguke. Chini naiacha yenye kulegea hewa ipite, juu naikaza kidogo tu. Nawasha ya kwanza, naiacha izime, ile ni ya kuiamusha. Ya pili njo ya kuvuta, na unavuta kama muntu mwenye hana safari. Hiyo moshi, Elodie, inafika ndani ya kinywa imepoa, nene, na harufu ya asali yenye imeungua kidogo. Nilijaribu zote. Hakuna ingine.

Ujue tena kwamba Papa Habineza mwenyewe alipita hapa Jumatatu iliyopita, alikuwa anaenda kutembelea wakristo wake. Alisimamisha moto kwangu. Ni muntu mwema, nimemuona: shati nyeupe na hii matope yote, sijui anafanyaka namna gani. Nilikuwa navuta. Sikuzima.

"Papa Émile, njo hii kitu utaleta Mweso?"

"Njo hii."

"Sisi hatuvutake. Dot itakuwa mu salle ya kanisa, ile ukumbi yetu, na mule moshi haiingiake."

"Basi mimi na moshi tutakaa kwa mulango, Papa. Bakwe watatoka kutusalimia."

"Na wamama wenye kunyonyesha?"

"Wakae kule upepo inatokea. Nitawachagulia benchi mimi mwenyewe."

Akacheka. Kumbe anajua kucheka! Kisha akanikaribia, kwa sauti ya chini, kama muntu anayenifanyia mema: "Ilete, lakini usiiwashe. Uishike tu mu mukono, watu wataona desturi."

Nikamuuliza: "Na siku ya ndoa, Papa Habineza, Jérémie atamushika Elodie mukono tu?"

Josiane alikimbia ndani kwa haya. Papa Habineza akapangusa macho yake, akasema ataomba Mungu juu yangu. Nikamuambia aombe na juu ya mvua, mihogo inaikosa.

Sasa soma hapa peke yako, kama Francine iko karibu ugeuke kidogo.

Watu nawaambiaka hii kiko ilitoka kwa mwami, mfalme wa kwetu, aliipa babu yangu juu ya ushujaa. Ni uongo. Wewe njo wa kwanza kusikia. Aliifinyanga dada yangu Léontine, mama yako, kule mutoni Buleusa, wakati mimba yako ilikuwa na miezi munane. Hakuweza tena kulima, hakuweza kukaa bure, basi aliketi kwa udongo na kutengeneza kila kitu yenye inapita mu kichwa yake. Aliponipa hii ilikuwa ingali mubichi, na chini yake, upande wa kushoto, kidole gumba yake ilikuwa imeingia, imeacha shimo. Nilitaka kuilainisha. Akanipiga mukono.

"Acha, kaka. Pale njo utakamatia."

Miaka makumi mbili na sita nakamatia pale.

Ulikuwa na miaka ine wakati alikufa, akatuacha. Picha yake moja tu yenye tulikuwa nayo iliungua na nyumba tulipokimbia vita. Tangu pale kila mara ukiniuliza mama alikuwa namna gani, nakupa hadithi: alifukuza nyati na mwiko, alivuka mto wenye kujaa na mbuzi juu ya kichwa. Ulicheka sana, nikaendelea. Nilikuwa nakupa zile hadithi juu sura yake imeanza kunipotea, Elodie. Najaribu kuiona, inakuja yako, ao ya mama yetu. Lakini ile shimo haipotee. Iko mu mukono yangu kila siku.

Basi usiniambie tena kama inanuka.

Tarehe saba nitakuwa Mweso, na suruali ya pasi na kiko yangu ya udongo. Nitakaa kwa mulango, upande moshi inatoka inje, na nitavuta mara tatu, hata moja zaidi hapana. Hiyo nampa Papa Habineza juu alicheka. Kuwasha, nitawasha. Kama wazee wa kanisa wananifukuza pale, nitaketi mbele ya njia kubwa, na mutakuja wote kutafuta jibu kule.

Ukileta kaa ya moto, nitakuwekea kiko mu mukono kwanza, mbele ya watu wote. Weka kidole gumba yako pale ya mama yako ilikaa. Kama haiingie, nitaitupa mu mto Mweso mimi mwenyewe, na jibu nitalisema kwa kinywa kama watu wa mji. Kama inaingia, uiwashe wewe.

Salimia Francine na watoto yake, kila mumoja kwa jina yake. Salimia Jérémie, lakini ile habari ya makaa ukumbuke: akiisha kula. Josiane anakusalimia sana, anauliza kipimo ya kiatu yako. Muzee Hakorimana anasalimia pia, anasema siku ile atakuja na kiko yake ndefu. Nimemukataza.

Mungu akuangalie mu njia yote toka kule mpaka Mweso, akufikishe na miguu mikavu na moyo usio na haraka.

Wako akupendaye, mwenye hatazima,

Mujomba wako Émile