Mashine Isiyo na Kwao

Mwanakwerekwe,
Unguja.
9 Aprili 2025

Mpendwa mpwa wangu Hisham,

Assalaam alaykum. Kabla ya lolote, nataka kujua hali yako huko Penang: unakula, unalala, na lile jiko la hoteli halijakukausha? Sisi huku wazima, alhamdulillah, ila goti langu. Mama yako, dada yangu Bi Thuwaiba, mwili wake mzima lakini roho imechafuka, na aliyeichafua ni mimi, au tuseme mashine yangu ya kuchomea vyuma.

Barua hii anakuletea Ulfat, binti wa jirani yetu anayerudi kusoma huko. Pamoja nayo kuna kitambaa nilichokifunga, na ndani mna kidude cheusi chenye miguu mitatu. Usikitupe.

Unajua mama yako anakausha mwani wake Matemwe. Chanja zake za miti za kuanikia zimeoza. Nikamwambia mbele ya wanawake wenziwe wote: dada, nitakuundia za chuma zenye paa, masika hayatakukuta na mwani mchangani. Kazi yangu unaijua. Geti langu la Fuoni liligongwa na lori la mchanga. Lori ndilo lililopelekwa gereji.

Na mashine nilikuwa nayo. Ndogo kama mkoba wa skuli, unaitia begani unakwenda zako, si kama lile dude langu la kale la waya wa shaba lililotaka wanaume wanne kulibeba, ingawa mimi nikilibeba peke yangu. Lile nililiuza chakavu. Hii mpya ya Italia, imeandikwa ubavuni. Barazani nikisema inaweza kuunga meli na gati, na hakuna aliyebisha.

Basi nikaenda nayo Matemwe, nikakata vyuma vyote, nikamaliza chanja ya kwanza. Nikaiogopea mashine chumvi ya bahari. Nikaifungua, nikaipaka mafuta ya nazi ndani, kama tunavyopaka misumeno na nyundo tangu enzi za babu yako. Nilipokuwa kwenye chanja ya pili ikapiga mlio, ukatoka moshi, na harufu ya visheti vilivyoungua.

Nikaipeleka kwa Msabah, fundi wa redio wa Mji Mkongwe. Alipoifungua tu akauliza, "Mzee Mmanga, nani alokaanga humu?"

"Nimepaka kidogo, chumvi isiingie."

"Chumvi haikuingia. Vumbi lako la chuma ndilo lililonata kwenye mafuta, umeme ukapita pasipo njia."

Nikamwambia, basi tuwaandikie Wataliana. Akacheka, akachukua kioo cha kukuzia, akanisomea. Feni, Uchina. Bodi, Uchina. Vile vikopo vya kuwekea umeme, Japani. Vidude vyeusi vinavyowasha na kukata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, ambavyo ndivyo vilivyoungua, Malaysia. Tena akasema Malaysia pengine ndiko vinakofungwa tu, kiini chake kimetoka Ujerumani au nchi nyengine asiyoijua.

"Na Italia?"

"Italia wamekaza skurubu."

Hisham, nikachukua kile kioo nikatazama mwenyewe. Lile dude la kale likiungua nilikuwa nnalifungua, nnazungusha waya mpya kwa mkono, jioni linachoma. Hii nimwendee nani? Kila nchi ina kipande chake na hakuna hata moja yenye mashine.

Lakini niliposikia Malaysia, nchi uliko wewe, nikapata nguvu. Nikampigia simu mama yako, nikamwambia kiwanda kiko mlangoni kwa mwanao. Sasa Matemwe nzima inajua wewe ni mkubwa wa kiwanda hicho. Mimi najua unakaanga samaki. Ulfat ananambia viwanda viko kweli huko, lakini vimezungushiwa ua, na mtu hendi mlangoni kuomba kidude kimoja.

Msabah alitia vya kununua sokoni Darajani. Vimeandikwa vilevile, herufi kwa herufi, vikapasuka hata sijagusisha chuma. Usi, fundi mwenzangu ambaye ningeazima mashine yake, kaenda nayo Pemba kuezeka skuli. Kwa hivyo ukiweza, nitafutie vinne kama hicho cha kwenye kitambaa, vya kweli. Ukishindwa nambie mimi, mama yako usimwambie.

Juzi nilikuwa kwake. Ile chanja moja ya chuma imejaa, na mwani uliobaki ulikuwa umeanikwa chini, juu ya majamvi, umekaribia kukauka. Mvua ikashuka ghafla. Mwani ukipigwa na mvua hupauka, na mnunuzi hautaki. Mama yako akatoa turubai moja, kuukuu, yeye akashika pembe mbili na mimi mbili, tukasimama pale upepo unatuvuta. Turubai halikutosha. Kilichobaki nje tulikitazama kinabadilika rangi. Vyuma vyangu vilikuwa ukutani, vishapata kutu.

Nikaanza kumweleza habari za Penang, kwamba kiwanda kile, mwanao akisema neno moja tu...

Akanambia, "Shika hapo, fundi. Usiseme. Shika."

Nikashika.

Mke wangu Bi Hind anakusalimu sana, na wanangu Tabia na Yussuf. Nisalimie wenzako wa jikoni. Mungu akukinge na moto, akukunjulie riziki, na aturejeshee wewe mzima.

Akupendaye sana,
Mjomba wako,
Mmanga